Nakala za Ijumaa za Mama Anwar

Mtaa mzima wa nyuma ya soko la Tandika ulijua kwamba mama Anwar ana kompyuta. Asiyejua aliambiwa na mama Anwar mwenyewe.

Jina lake hasa ni Najma. Zamani alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma. Shirika lilipopunguza wafanyakazi, wenzake wengine walifungua genge la nyanya na vitunguu. Wengine walifuga kuku. Najma alisema, "Vidole vyangu havijui kuku, vinajua kuchapa." Kiinua mgongo chake akanunulia kompyuta iliyokwisha kutumika, pamoja na printa. Akaviweka chumba cha mbele. Nje akatundika kibao: TUNACHAPA BARUA, MITIHANI NA KADI ZA HARUSI.

Wateja walikuja. Lakini mwaka ule wa 1997 kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa ya mteja. Ilikuwa kitabu cha mapishi.

Najma alikuwa mmoja wa kikundi cha wanawake wanaopika kwenye shughuli. Harusi ikifanyika Temeke, wao ndio walioitwa. Mapishi yao yote yalikuwa kichwani. Siku moja wakaamua yawe kitabu, watoto wao wayasome. Basi kila mmoja alikuja kwa zamu, akakaa karibu na kompyuta, akasema pishi lake. Najma alichapa.

Mkubwa wao alikuwa Bi Mauwa. Mkate wake wa kumimina ulijulikana mpaka Mbagala.

"Andika ninavyosema," Bi Mauwa alimwambia. "Usinisafishie maneno. Nikigomba, andika kwamba nimegomba."

"Nakuandika ulivyo, bibi," Najma alisema, huku akicheka.

Baada ya Ramadhani, Bi Mauwa alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea. Ulimi ukawa mzito. Akili yake ilikuwa nzima, lakini maneno hayakutoka. Wanawake walimwogesha kwa zamu, wakamlisha, wakamwombea dua. Mkate wake hakuna aliyeuweza. Wengi walijaribu, ukawatoka mgumu au ukazama katikati.

Sasa maneno yake yalikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ya Najma. Hata kwenye karatasi hayakuwapo. Najma aliubania utepe wa printa mpaka kitabu kiishe.

Hata hivyo, Najma hakuwa na wasiwasi. Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alinakili kazi zake zote kwenye disketi. Ofisini ndivyo walivyofundishwa. Disketi hizo alizipa mahali pa heshima. Mume wake, Nassibu, alikuwa na redio kubwa ya spika mbili, na juu ya spika kulikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma Najma kwa mkono wake. Vitu vya thamani vya nyumba ile vilikaa hapo: picha ya harusi, maua ya plastiki, na disketi.

Jumamosi moja asubuhi umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi ukatulia, Najma akawasha kompyuta. Haikufunguka. Kioo kilibaki cheusi, na maneno machache meupe yakasema kwamba mashine haioni cha kuwashia.

Nassibu alichungulia. "Imekufa?"

"Hata ikifa," Najma alijibu, kichwa juu. "Mie nina nakala."

Akamwendea jirani yake, Bernadeta. Bernadeta alikuwa mtu wa Masasi, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za chuo kimoja mjini. Alikuwa anafua. Aliposikia habari alikausha mikono, akachukua mkoba wake, akaja vile vile na kanga yake kiunoni.

"Mama Anwar, tulia," alisema. "Nimekuja na disketi ya kuwashia."

"Ndiyo ipi hiyo?"

"Kompyuta ikiwa nzima, inaamka kwa kutumia diski yake ya ndani. Ile ya ndani ikikosa maagizo ya kuamkia, tunaiamsha kwa disketi hii. Haitibu kitu. Inatufungulia mlango tu, tuingie tuone kilichobaki."

Aliingiza disketi, akawasha. Mashine ilinguruma kidogo. Kioo kikaonyesha herufi na alama, kisha kikasubiri. Bernadeta akachapa maneno machache. Majina ya kazi za Najma yakashuka kwenye kioo: barua, mitihani, na chini yake majina ya wapishi. La mwisho lilikuwa MAUWA.

"Alhamdulillahi!" Najma alipiga makofi. "Itengeneze basi, iamke yenyewe."

"Hapana. Kwanza tuitoe kazi yako nje. Hii mashine ni mgonjwa, na ukianza kumtibu mgonjwa hujui atageukia wapi. Kazi ikishatoka salama, ndipo nitaigusa."

"Kunakili najua. Nipishe."

Bernadeta akampisha. Najma aliketi, akachapa agizo bila kutazama vidole, kwa mbwembwe kidogo kwa sababu mumewe alikuwa anamwangalia. Mashine ilikwaruza, ikasimama. Maneno ya Kiingereza yakatokea. Chini yake likaja swali: iache, ijaribu tena, au ipite tu?

Kidole cha Najma kilikwenda moja kwa moja kwenye herufi ya kupita. Bernadeta akaushika mkono wake.

"Unafanya nini?"

"Naipitisha. Haya maneno huwa yanatokea. Ukiipitisha yanaondoka."

"Huwa yanatokea lini?"

"Kila Ijumaa nikinakili. Naipitishaga tu, kazi inaendelea."

Nassibu akatazama chini. Najma akawatazama wote wawili.

"Mama Anwar," Bernadeta alisema polepole, "ukiipitisha, inaruka kile ilichoshindwa kukiandika. Maneno yanaondoka, lakini nakala haipo."

"Haipo vipi? Kila Ijumaa!"

"Uliwahi kuzifungua hizo nakala uone kilichomo?"

Najma alitikisa kichwa. Hakuwahi. Aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, maana maneno yale alikuwa ameyajua kwa sura tu.

"Bi Mauwa wangu," alisema, machozi yakimtoka.

"Bado hajapotea," Bernadeta alisema. "Jina lake si hilo unaliona? Futa machozi, tufanye kazi. Hebu soma kioo kinasema nini. Usiogope Kiingereza, wewe ni mpiga chapa wa ofisi."

Najma alijipangusa kwa ncha ya mtandio. Akasoma, neno kwa neno. "Inasema... disketi imefungwa, haiandikiki."

"Ndani ya mashine sasa hivi kuna disketi ipi?"

Najma akaitazama. Akajipiga paji la uso. "Ya kwako! Ya kuwashia! Hatukuitoa."

"Umeona? Ile nimeifunga makusudi kwa kile kidude cha pembeni, mtu asije akaiharibu. Ulikuwa unataka kumimina kazi yako kwenye chombo kilichofunikwa. Mashine imekwambia wazi. Toa, weka ya kwako, kisha jaribu tena."

Najma akachukua disketi moja juu ya spika, akaiweka. Mashine ilikwaruza kwa muda mrefu zaidi. Maneno yakatokea tena.

"Usibonyeze. Soma. Ni yale yale?"

"Siyo. Sasa inasema haioni mahali pa kuandika."

"Safi. Maneno yamebadilika, kwa hiyo shida ile imeondoka, na hii ni nyingine. Sasa twende kidogo kidogo. Tubadili kitu kimoja, tuone. Ukibadili vitu vingi kwa pamoja hutajua kilichokusaidia."

Wakaweka disketi ya pili ya Najma. Jibu lile lile. Ya tatu, lile lile. Bernadeta akatoa disketi mpya kwenye mkoba wake, akaiweka palepale. Agizo halikubadilika, mashine haikubadilika. Safari hii haikulalamika. Kazi ya kwanza ikapita.

"Unaelewa nini hapo?" Bernadeta aliuliza.

Najma alifikiri. "Tundu la kuingizia disketi ni zima. Mbovu ni disketi zangu."

"Fundi!" Bernadeta alicheka. "Haya, huwa zinakaa wapi?"

Najma alionyesha spika, na kitambaa chake cheupe. Bernadeta alitazama, akashika kiuno. "Nipe pini moja ya ushungi wako."

Akainua kitambaa, akaisogeza pini karibu na uso wa spika, akaiachia. Pini haikuanguka. Ilinasa hapohapo.

"Ndani ya spika kuna sumaku," alisema. "Maandishi ya disketi nayo yameandikwa kwa sumaku ndogo sana. Ukizilaza pamoja, sumaku kubwa inayafuta kidogo kidogo. Huoni wala husikii."

"Kwa hiyo redio yangu ndiyo imekula kazi ya watu?" Nassibu alishtuka.

"Redio haina kosa, baba Anwar. Wala mkeo hakukosa kuzitunza. Alizipenda akazilaza pabaya."

Wakaendelea. Jina moja likapita, likafuata lingine. Kila likipita Najma alilitaja kwa sauti. Mwisho wakafika MAUWA. Mashine ikaanza kunakili, ikakwaruza, ikasimama. Swali likarudi: iache, ijaribu tena, au ipite?

Najma aliweka mikono mapajani ili isiende penye kibodi.

"Soma," Bernadeta alisema, naye sasa sauti yake imepungua.

"Inasema haiwezi kusoma diski ya ndani. Siyo disketi safari hii."

"Basi pale maandishi yalipokaa pamechakaa. Ukiipitisha utapata kitabu chenye tundu. Tunaiambia nini?"

"Ijaribu tena," Najma alisema. Akabonyeza mwenyewe.

Mashine ikakwaruza, ikasimama. Akabonyeza tena. Ikakataa. Nassibu akataka kusema neno, mkewe akamnyamazisha kwa jicho. Bernadeta akasema waipe dakika ipumzike, kisha Najma akabonyeza tena. Ikakwaruza, ikaguguna, kisha mlio ukalainika. Kioo kikasema kazi moja imenakiliwa.

Najma alimkumbatia Bernadeta mpaka mkoba ukaanguka. "Nimempata!"

"Bado hujampata. Tukamfungue kwenye mashine nyingine, hapo ndipo useme umempata."

Mashine ya karibu ilikuwa kwenye ofisi ya parokia, Chang'ombe, ambako Bernadeta aliwasaidia mara kwa mara. Najma akavaa buibui lake, wakaenda. Karani akawapa kiti. Disketi ikaingia, maandishi yakafunguka, na Najma akayasoma kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho:

"Mimina uji wako, usitikise chungu, wewe unatikisa nini? Ukiona vishimo vinatoboka juu, ndipo ufunike na kutia makaa juu ya mfuniko. Usichungulie! Nimesema usichungulie!"

Karani akacheka. Najma alicheka na kulia. Hakuna neno lililokosekana.

Waliporudi, Bernadeta aliirudishia diski ya ndani maagizo yake kutoka kwenye disketi ya kuwashia, na kompyuta ikaamka yenyewe. "Lakini diski hii imezeeka," alionya. "Anza kutafuta nyingine."

Tangu siku ile Ijumaa ya Najma ilibadilika. Alinakili kwenye disketi nzuri. Kioo kikisema neno, alisoma kabla ya kugusa kitu. Kisha alifungua kila nakala, akaisoma juu, kati na mwisho. Seti moja aliiweka kabatini, kwenye kopo la plastiki, mbali na spika. Seti nyingine ilikaa kwa Bernadeta, ili hata nyumba ikipata balaa, kazi ibaki. Alijitengenezea disketi yake ya kuwashia, akaifunga isiandikwe, na mara kwa mara aliijaribu kama bado inaamsha mashine. Wenye ofisi za kuchapa wa Temeke walianza kuja kuuliza. Najma aliwafundisha bila uchoyo, na hakuwaficha habari ya spika. Ile pini aliwaonyesha wote.

Miezi michache baadaye ile diski ya ndani ilikufa kabisa. Najma hakutoa hata chozi. Alinunua nyingine, akarudisha kazi zake zote kutoka kwenye disketi, na mchana uleule mteja wa kadi za harusi akachukua kadi zake. Mtaa mzima uliisikia habari hiyo, na mnajua ni nani aliyeusimulia.

Kitabu kikachapishwa. Siku kilipotoka, wanawake wote walikwenda kwa Bi Mauwa. Bernadeta naye alikuwapo. "Shikamoo, bibi," alisema, akaupokea mkono wa kushoto ulionyooshwa.

Shamimu, mjukuu wa Bi Mauwa, alikuwa jikoni tangu asubuhi. Najma alikaa kizingitini na kitabu mkononi, akimsomea kila hatua kwa sauti, na kila palipokuwa na kugomba, alisoma kwa kugomba. Bi Mauwa alisikiliza kutoka kitandani. Aliposikia "Nimesema usichungulie!" mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

Mkate ulitoka umeumuka, wa rangi ya dhahabu, na vishimo vyake vyote. Wanawake walisimama na vifua mbele, maana kila mmoja alijiona mwenye mkate. Shamimu akakata kipande, akamlisha bibi yake.

Bi Mauwa alitafuna polepole, macho ameyafumba. Kisha akaufungua mkono wake ulio mzima, akaunyoosha mpaka kwenye sinia, na mwenyewe akachukua kipande cha pili.