Baiskeli Isiyo na Keria

Mwanzo Dobi alidhani ni upepo wa tairi umepungua. Siku aliyoinunua, ya mtumba lakini ya mbio, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, ilikuwa nyepesi hata akaona haya kuipanda, kama babu aliyevaa kaptula ya mjukuu. Lakini jioni moja, akitoka chumba cha kufulia cha hospitali, ilimlemea. Si mlimani, maana mlimani hata roho huwa nzito. Ilimlemea pale barabara inapolala bapa kama meza ya kupigia pasi. Akashuka, akaminya tairi la mbele: gumu. Akainama kutazama la nyuma. Lilikuwa limebonyea na kutanuka chini kama linavyofanya likibebeshwa mtu, na yeye amesimama kando, kaushika usukani tu.

Akajaza upepo. Likabaki vilevile. Akasema ni uchakavu, akapanda, akaenda zake.

Jina alilopewa na mamake hakuna aliyelitumia tena. Kazini alikuwa Dobi, mtaani Dobi; hata mkewe, kwa heshima aliyolelewa nayo, hakuwahi kumwita kwa jina katika miaka yote ya ndoa. Sasa mke yuko kaburini. Ilibaki nyumba ambamo jioni huoshwa sahani moja, na redio inaachwa iongee ili kuta zisisahau sauti ya mtu.

Siku ya mapumziko alimpelekea baiskeli shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, fundi mwenye kibanda cha bati kando ya barabara.

"Shemeji, farasi huyu umemtoa wapi? Umri huo, na kiuno hicho?"

"Kiuno changu kinakuhusu nini? Dadako hakuwahi kulalamika."

Fundi akacheka, naye Dobi akacheka, kisha wote wawili wakanyamaza pamoja, kama watu wanaomsubiri wa tatu naye acheke.

Fundi akaipindua baiskeli juu chini. "Mnyororo umelegea. Mipira ya breki imekauka, ukifunga breki hapa unaomba dua tu. Na hii habu ya nyuma, hebu sikiliza." Akalizungusha gurudumu. Gololi za habu, kitovuni mwa gurudumu, zikichakaa hukwaruza. Hizi zilihema, ndani, nje, ndani, kama mtu aliyelala chumba cha pili. Na gurudumu liliposimama, pumzi ikaendelea kidogo, kisha ikakata.

Fundi akakuna kidevu. "Tuvitoe vya zamani vyote. Ibaki fremu, mengine nikufungie mapya."

"Ngoja kwanza nifikirie."

"Ufikirie nini? Unaposa?"

Dobi akaliinamia gurudumu. Pumzi ile ilikuwa na harufu, nayo harufu hiyo aliijua. Mkewe alikuwa na jino bovu, na kila lilipomwuma alilibana kwa karafuu. Alikwenda nayo hivyo sokoni, akalala nayo hivyo, akafa nayo hivyo. Baiskeli ilinuka karafuu iliyotafunwa.

Akaipeleka nyumbani kama ilivyo.

Tangu hapo hakukuwa na cha kujidanganya. Kila jioni, akishapita geti la hospitali, uzito ulipanda nyuma yake polepole, upande mmoja kwanza, kama mwanamke anavyokaa miguu ikiwa pamoja. Baiskeli ile haikuwa na keria wala mahali pa keria. Alikaa wapi? Dobi hakugeuka kutazama. Halafu zikaja ncha za vidole, zikamshika shati mbavuni, huku na huku. Hivyo ndivyo mkewe alivyomshika kwenye baiskeli yao ya zamani. Kumkumbatia mume njiani aliona soni, basi alibana kitambaa tu, vidole viwili viwili. Nyumbani Dobi alivua shati akaona makunyanzi mawili yenye unyevu. Akaweka pasi. Mtu aliyenyoosha mashuka ya wodi nzima maisha yake yote alishindwa kunyoosha makunyanzi mawili.

Akaacha kuyanyoosha. Akaanza kumhadithia habari za siku: mashine iliyovuja, daktari aliyesahau kalamu mfukoni ikachafua makoti yote, mwenzake aliyeoga sabuni ya kufulia akawashwa mpaka jioni. Nyuma yake mtu alicheka kwa pua. Na Dobi alikuwa anajua. Hakuwa mtoto. Tangu chuo cha Kurani alifundishwa kwamba aliyekufa harudi, na anayerudi kwa harufu yake si yeye. Alijua, akapiga pedali. Upweke ni njaa, na mwenye njaa haulizi chungu kimepikwa na nani.

Lakini njia ilianza kurefuka. Penye njia panda, ambapo nyumbani ni kushoto, uzito uliegemea kulia, kidogo tu, na baiskeli ikafuata. Sala ya magharibi ikawa inampita akiwa barabarani, kisha ikawa inampita na hasikitiki, na hilo ndilo aliloliona kubwa baadaye. Kulia huko hakukuwa na nyumba. Kulikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa siku nyingi, yakajaa maji meusi yasiyopigwa na upepo, na jioni moja, akiwa katikati ya kueleza jambo, sijui la sabuni, sijui la mvua, aliona gurudumu la mbele limeshafika ukingoni na kokoto zinadondoka chini bila kutoa mlio, na karafuu imejaa puani mpaka machozi yanamtoka, na sikioni, karibu kiasi cha kuhisi ubaridi wa midomo, sauti ya mkewe, yenyewe hasa, ikasema, "Twende," ikamwita kwa jina alilopewa na mamake.

Jina hilo ndilo lililomwokoa. Mkewe asingelitamka hata kwenye moto.

Alifika kwa fundi kwa miguu, baiskeli anaiburuta, shati limemganda. Fundi alikuwa anafunga kibanda. Alisikiliza yote ameshika kufuli mkononi.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "dada yangu nilimlaza mimi kaburini kwa mikono hii. Huyo si yeye."

"Najua."

"Unajua, na unambeba?"

"Najua, nimekosa. Nitolee tu."

Fundi akawasha taa. "Anakushika vipi?"

"Shati. Mbavuni. Vidole viwili viwili."

Fundi akachukua spana, akaigeuza mkononi. "Hivyo hivyo alivyonishika mimi nikimpeleka shule," akasema. "Nilikuwa namfokea, utanichania shati la watu."

Kisha akafanya kazi. Alisoma Ayatul Kursi kila alipolegeza nati, bila kuruka neno. Akatoa mnyororo, akatoa breki. Alipoling'oa gurudumu la nyuma, bati zote za kibanda zililia kwa pamoja kama zimepigwa mvua ya mawe, na nje anga kavu. Na ndani ya habu, pale panapokaa grisi, kukatiririka maji meusi. Taa ikasinyaa, ikarudi. Fundi akafunga gurudumu jipya.

"Haya. Iinue."

Ilikuwa nyepesi kama ungo.

"Na hilo?" Dobi alilionyesha gurudumu la zamani kwa kidevu.

"Cha zamani ni cha fundi, hujui? Nitalitupa mwenyewe."

Ni kweli, ndiyo desturi ya vibanda vyote; mteja hatoki na alichobadilishiwa. Dobi akashukuru, akaondoka, na hakuuliza atalitupa wapi.

Siku zikapita, nyepesi mno. Alisali kwa wakati. Mashati yalinyooka kwa pasi moja. Jioni alifika nyumbani mapema, akaosha sahani, akakaa. Alimshukuru Mungu kwa ulimi, na moyo ukabaki mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Mwishowe akaenda kwa shemeji, kunywa chai tu na kusikia utani wake. Kibanda kimefungwa.

"Fundi hafungui siku hizi," alisema mshona viatu wa jirani. "Anaendesha tu, huku na kule. Anacheka peke yake. Mke wake kaja kumlilia hapa jana."

Dobi alimkuta njia panda, jua linazama. Fundi alikuwa juu ya baiskeli yake ya kazi, amekaa mbele kabisa ya siti kama anayempisha mtu, uso umegeuzwa nusu nyuma. Gurudumu la nyuma lilikuwa lile. Tairi limebonyea. Shati lake lilikuwa limevutwa mbavuni, huku na huku, na upepo hauvumi.

"Shemeji, shuka," Dobi alisema.

"Usinitazame hivyo." Fundi alikuwa amekonda, macho yalikuwa na furaha. "Alikuwa wangu kabla hajawa wako."

"Huko kuna maji. Shuka."

"Anataka tu kuniona nikiendesha vizuri."

Baiskeli ikainama kulia, ikaenda. Dobi akapanda ya kwake, na kwa kuwa haikuwa na mzigo ilimchukua kama mshale, akamfikia shemeji kabla ya kokoto za machimbo, akawa sambamba naye, na harufu ya karafuu ikamfunika kichwa kama shuka linalotoka kwenye maji ya moto, na maneno ya kumkinga aliyoyajua tangu utotoni yalikuwa tayari ulimini, akanyoosha mkono amvute mwenzake shati amwangushe chini, kando ya njia, aumie lakini apone. Na mkono ukashuka si juu ya shati bali juu ya vidole vilivyolishika.

Vidole vikaachia kitambaa. Vikageuka, taratibu, vikaushika mkono wake.

Havikuwa baridi kama alivyotarajia. Vilikuwa na joto, na ule ugumu mdogo wa kidole cha shahada, wa miaka ya mkewe ya kushona kwa sindano. Maji yalikuwa mbele yao sasa, yametulia, na baiskeli zote mbili zilikuwa bado zinakimbia. Ulimi wa Dobi ukasahau ulichokuwa unataka kusema, na mkono, Mungu amrehemu, hakuuvuta.