Mwanarehema Aenda Kliniki

Mwanarehema alikuwa akiuza mbaazi na mahamri karibu na lango la kiwanda, Changamwe. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walikuwa wamemzoea. Ikifika saa tatu beseni huwa tupu, naye hurudi Chaani kwenye chumba chao cha kupanga.

Mumewe, Faki, alikuwa akibeba magunia ghalani. Wote wawili walizaliwa Pemba. Walivuka kuja Kenya mwaka wa 1983, bila pasi, wakitafuta riziki. Hawakuwa na kipande cha kitambulisho wala karatasi nyingine yoyote. Faki aliwahi kushikwa kwenye msako, akalala kituoni siku mbili. Tangu hapo walikwepa kila nyumba yenye bendera ya serikali.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mumo humo chumbani. Mkunga alikata kitovu kwa wembe wa zamani, kisha akakipaka majivu. Siku ya sita mtoto akashindwa kunyonya. Kinywa kilikaza, mwili ukawa mgumu kama ubao. Kesho yake wakamzika. Watu walisema ni dege, pepo wa watoto wachanga.

Mwaka wa 1987 akashika mimba nyingine. Ilipofika miezi mitano, alijikaza akaenda zahanati.

"Kipande chako kiko wapi, mama?" bawabu akamwuliza mlangoni.

"Sina, baba."

"Basi rudi ukakilete."

Mwanarehema akageuka, akarudi kwao.

Chumba cha pili alikaa Milcah, mama yake Nicanor, Mtaita, muuguzi wa zahanati iyo hiyo. Jioni alimkuta Mwanarehema uani akichambua mbaazi, macho yamemwiva.

"Hujambo, mama? Mbona hivyo?"

"Sijambo, Mama Nicanor. Uchovu tu."

Lakini Milcah hakuondoka. Akavuta kibao akaketi. Mwisho Mwanarehema akamweleza habari ya bawabu, na habari ya yule mtoto wa kwanza.

Milcah aliuliza, "Kinywa kilikaza? Na ukimgusa, anajikunja?"

"Wallahi, kama upinde."

"Pole sana, mama. Hiyo ni pepopunda. Vijidudu vyake huingia kwenye kitovu, kwa wembe mchafu, kwa majivu, kwa samadi. Mama akichomwa sindano mbili wakati wa mimba, na kitovu kikikatwa kwa usafi, mtoto hukingwa."

Mwanarehema akaacha mbaazi. "Sindano mbili tu?"

"Mbili, wiki nne baina yake. Hulipi kitu."

"Na kipande?"

"Bawabu alikosea. Kliniki tunauliza jina, umri, umezaa mara ngapi. Mjamzito ni mjamzito. Na mtoto akizaliwa, chanjo zake ni hivyo hivyo. Surua haiulizi mtu katoka wapi."

Faki alikuwa amerudi kutoka kazini. Alisimama kizingitini akisikiliza.

"Shemeji, wakishaandika jina, polisi hawatalipata?" akasema.

"Kadi ya kliniki anakaa nayo mwenyewe. Sisi hatuwapelekei polisi majina ya wagonjwa. Lakini sikudanganyi, Faki. Kukaa kwenu bila karatasi ni jambo la ofisi ya uhamiaji, na kadi yetu haiwasaidii huko. Mimi nasema habari ya sindano."

Faki akatoka pale kizingitini. Kisha akamwambia mkewe, "Kesho usiuze. Nenda."

Asubuhi Milcah alimpitisha mlangoni, akamweleza bawabu pale pale. Mwanarehema alipimwa uzito na damu, akachomwa sindano ya kwanza. Alipewa vidonge vya kuongeza damu na kadi ya rangi ya waridi. Wiki nne baadaye alikwenda peke yake kwa sindano ya pili.

Walipanga akajifungulie hospitali. Uchungu haukungoja. Ulimshika saa kumi alasiri, mvua kubwa inanyesha na barabara imejaa maji. Milcah alinawa mikono kwa sabuni, akafungua wembe mpya, akachemsha uzi wa kufungia kitovu. Mkunga wa mtaani alitaka kuleta majivu.

"Mara hii hapana, bibi," Mwanarehema akasema. "Kiacheni kikauke chenyewe."

Akazaliwa msichana, wakamwita Mwanatatu. Alinyonya siku hiyo, akanyonya siku ya sita, akanyonya siku ya nane. Mwanarehema alihesabu bila kumwambia mtu.

Baada ya arubaini, Milcah akawaambia jambo jingine. "Mtoto aliyezaliwa nyumbani, taarifa yake hupelekwa kwa naibu wa chifu. Nendeni kabla miezi sita haijapita. Kila mtoto aliyezaliwa nchini huandikishwa, hata wazazi wakiwa wageni. Cheti cha kuzaliwa si uraia. Lakini kitaonyesha kazaliwa lini na wapi, na shuleni watakitaka."

"Na naibu akitushika?" Faki akauliza.

"Kisheria kazi yake ni kuandika. Lakini kukuapia siwezi."

Walikwenda Jumatatu. Mwanarehema alisema angeingia peke yake na mtoto. Faki akakataa. Naibu wa chifu, mzee wa miwani, akafungua kitabu.

"Jina la mtoto?"

"Mwanatatu binti Faki," Mwanarehema akajibu.

"Mahali alipozaliwa?"

"Chaani."

"Baba ni raia wa wapi?"

Mwanarehema akaangalia chini.

"Mtanzania," Faki akasema. "Mzaliwa wa Pemba."

Kalamu ilisimama. Naibu akamtazama Faki, akamtazama na mtoto, kisha akaandika.

"Nani analeta taarifa?"

"Mimi, babake."

"Weka dole gumba hapa."

Faki akaweka. Walipotoka nje, wino ulikuwa bado mbichi kidoleni mwake. Hakuufuta. Akamchukua mtoto kutoka kwa mkewe, akatangulia mbele kurudi nyumbani.