Hatua Moja Kabla ya Mlango

Rafiki yangu fundi umeme si mtu wa porojo, ndiyo maana hili linaninyima raha. Alienda nyumbani kwa marehemu kaka yake kuchukua kompyuta yao ya utotoni. Walinuniana miaka kwa sababu ya nyumba ya baba; hata maziko ya kaka huyo rafiki yangu hakwenda.

Chumbani mapazia yalikuwa yamefungwa, giza totoro. Akaiwasha kompyuta, feni yake ikakoroma. Akafungua gemu lao la zamani na kwa mazoea akachagua wachezaji wawili. Gemu lile mlango haufunguki mpaka wote wawili wafike. Zamani kaka akiudhika, alimsimamisha mtu wake wa kwenye gemu hatua moja kabla ya mlango. "Niombe msamaha kwanza," alikuwa akisema, "la sivyo tulale hapa hapa."

Fundi akamfikisha mtu wake mlangoni. "Haya njoo basi, mkaidi wewe," akasema kwa uchungu.

Ta. Ta. Ta. Kushoto mwa kibodi, upande wa kaka, vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe. Mtu wa kaka akatembea taratibu kuelekea mlangoni.

Akasimama hatua moja kabla.