Madame ya Chambre Douze

Nilikuwa nimesimama nyuma ya salle, ile chumba kubwa ya karamu, plateau ya biverre ya kunywea mukononi, njo nikasikia rafiki yangu anasema maneno yangu mbele ya bazungu mia moja...

Neno kwa neno!

Hata pale mimi nilikuwaka nanyamaza kidogo, naye ananyamaza palepale.

Jamani, mukae vizuri. Nimechoka, sitarudilia mara mbili.

Mimi ni Mujinga, mutoto ya Likasi ku Congo, cinquante-deux ans, miaka makumi tano na mbili. Nakaa Saint-Josse, hapa Bruxelles, troisième étage, gorofa ya tatu, bila ascenseur, ngazi tu. Dix-neuf ans, miaka kumi na tisa, nafanya ménage, kusafisha bachumba, mu Hôtel des Trois Verres, kule mu muji ya maji ya chuma. Kila asubui train ku Gare du Nord, kubadilisha ku Verviers, na nikifika ni ngazi. Chini, juu, chini, juu. Magoti yangu imekwisha kabisa.

Ile hoteli ni ya zamani sana, wakati ya Bangereza ya Malkia Victoria. Balikuwa banakuja kunywa maji, biverre tatu kila asubui, eti ni dawa. Mwenyewe, Maman Greta, alizeeka, akauzisha. Patron mupya ni Florian, kijana ya hapa Bruxelles, viatu nyeupe pee!

Siku ya kwanza tu akatuita bote.

"Tutaweka histoire mbele, habari ya zamani! Natafuta muntu moja ya kuelezea bageni histoire ya hoteli. Atakuwa anakaa chini, pembeni ya réception, ku kiti."

Ku kiti! Munasikia?

Ile kiti niliiombea mu kanisa, kweli ya Mungu. Maman Greta alinifundishaka kila kitu ya ile nyumba. Nani angeniwezea?

Bon. Sasa Tatiana.

Tatiana ni mama ya Noé, anakaa Laeken, tunafanya kazi pamoja. Mu train analala sana! Mara mbili alipitisha Verviers, akachelewa, bakamuandikia barua. Ya tatu, bangemufukuza. Donc mimi njo nilikuwa namupigia hadithi kila asubui, asilale.

Na ile yenye alipenda kupita yote ni ya madame ya chambre douze, chumba ya kumi na mbili.

Mungereza, miguu imevimba, alikuja kunywa maji na bwana yake. Bwana akamutukana mbele ya batu. Madame akafunga mapantalon yote ya bwana mu sanduku, akakaa juu yake. Siku tatu! Bwana akabaki na kaleso tu, nguo ya ndani, mu chumba. Mwisho akaomba pardon mbele ya korali muzima.

Tatiana alicheka mpaka machozi. "Yaya, endelea!" Ananiitaka vile, dada mukubwa.

Florian alipotuita ku bureau moja-moja, Tatiana aliingia wa kwanza. Mimi nilipoingia, Florian hata hakuniuliza kitu.

"Merci, madame. Tutatangaza ku soirée, ku karamu ya usiku."

Njo hii soirée. Mimi na plateau, Tatiana na micro. Na pembeni yake, juu ya estrade, ile jukwaa, kuko sanduku moja kubwa ya zamani yenye Florian alinunua ku soko ya Marolles.

"Sanduku ya madame ya chambre douze!" Florian anasema, anapiga makofi. Na histoire imeshachapwa mu kitabu, iko ku kila meza.

Nilisikia roho inauma. Si hasira... uchovu tu. Uchovu ya dix-neuf ans, yote kwa mara moja.

Halafu muzee moja mbele akaanza kucheka.

Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Ni Père Pol, mupadri ya zamani, eko retraite, alishaacha kazi, anakaa Jette. Zamani alilalaka mu ile hoteli na mama yake, njo maana balimualika.

Akasimama na fimbo yake.

"Mademoiselle, huyu mama si Mungereza. Ni Maman Bernadette, ya korali yetu ku Likasi! Bwana yake alikuwa muntu ya chemin de fer, ya reli. Mimi njo nilienda kumubembeleza atoke ku ile sanduku. Akanipa chai, akaendelea kukaa!"



Père akageuka, akauliza na Kiswahili: "Ni nani hapa mutoto ya Likasi?"

Nikasogea mbele na plateau yangu.

Juu Maman Bernadette ni nkambo yangu. Mama ya mama yangu.

Florian akamuangalia Tatiana. "Hii histoire uliitosha wapi?"

Tatiana akaninyoshea kidole. "Ni yeye! Njo yeye aliniambia!"

Mara ya pili ananiuzisha, bandugu. Mu saa moja!

Nikaweka plateau chini. "Ni mimi, ndiyo. Ya nkambo yangu, nikamuvalisha Kingereza, juu Tatiana asilale mu train."

Batu bakacheka. Florian hapana. Uso ilikuwa nyekundu.

"Ile poste ya kiti imefutwa," akasema polepole. "Bote munarudi ku bachambres. Na weye, Madame Mujinga, tosha hii sanduku hapa."

Nikapanda ile estrade. Nikainama kuishika. Magoti ikakatala.

Basi nikakaa.

Juu ya sanduku. Mbele ya bote.

"Madame Mujinga?"

"Nimekaa."

"Simama, tafadhali."

"Hapana."

Florian akamukimbilia Père Pol. "Mon père, mumuambie kitu!"

"Mimi?" Père akacheka. "Kijana, mimi nilishindwa na nkambo yake siku tatu. Leta chai."

Tatiana akakuja pale, analia. Akapiga magoti mbele ya bale bazungu bote.

"Yaya, pardon. Niliogopa. Nikawaza weye ukipata ile kiti, utapanda train ya saa ingine, mimi nitalala peke yangu mu train, na kazi itakwisha."

Hata mimi sikujuaka vile.

Bibi moja ya mbele akaniuliza: "Na ya kweli, madame? Histoire ya kweli ya hii hoteli unaijua?"

"Ninaijua."

Nikaisema, nimekaa vile vile. Kwamba maji ya kuoga ya bale Bangereza haikupanda yenyewe. Babinti ya vijiji njo balibeba, ndoo mbili-mbili, ngazi ya nyuma, tangu asubui. Kulikuwa Joséphine, wa troisième étage. Alikuwa na vingt-six ans, makumi mbili na sita tu, wakati magoti yake ilikatala. Maman Greta alinionyeshaka jina ya Joséphine mu kitabu ya kazi ya nkambo yake mwenyewe, na pembeni baliandika: "hawezi tena ngazi." Basi. Hakuna kingine.

Hakuna mwenye alicheka. Florian alikuwa anaangalia viatu yake.

"Na ulitaka nini, madame?" akauliza.

"Kiti."

Lundi, ile Jumatatu iliyofuata, nilianza kazi chini, pembeni ya réception. Ile sanduku iko pale. Bageni banaketi juu yake, banasikiliza habari ya Joséphine.

Na Tatiana? Asubui ya ile lundi nilipanda train yetu ileile, akakaa pembeni yangu, akalala palepale. Tulipofika Verviers nilimuangalia... Ningeweza kumuacha. Kweli, nilihesabu mpaka kumi.

Nikamupiga kiwiko. "Amuka, mujinga mwenzangu!"

"Yaya, bwana ya nkambo alipata mapantalon yake?"

"Alipata. Mbio, train inaondoka."

Fundisho? Rafiki akikuibia maneno, muache aseme mpaka mwisho. Na weye mwenye kusoma hii umesimama, miguu inauma, unangoja bakuone...

Usingoje dix-neuf ans. Kaa.