Chaji ya Bibi Ng'washi

Umeme ulikuwa umekatika mtaani Pasiansi tangu asubuhi. Friji imenyamaza, feni imenyamaza, na bado taa ndogo ya kisahani cha kuchajia simu ilikuwa inawaka juu ya meza ya sebuleni. Kijani. Evelina aliiona akipita na beseni la nguo, akasimama, akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani. Swichi ilikuwa imezimwa. Akajiambia kwamba vitu vya kisasa vina mambo yake, akaenda kuanika nguo. Tusimcheke, wengi wetu tungefanya hivyo hivyo.

Kisahani kililetwa na mume wake, Venant, mtu ambaye akiona kifaa kipya hatulii mpaka kiwe chake. Siku alipokileta aliwakalisha wote sebuleni: Evelina, mtoto wao Nathaniel wa miaka minne, na mama yake mzazi, Bibi Ng'washi, aliyekuwa amehamia kwao kutoka Sengerema kwa sababu ya miguu.

"Humu ndani kuna waya wa shaba umezungushwa mviringo," alisema, akikigeuza kisahani kwa mahaba. "Na ndani ya simu kuna mwingine wa hivyo hivyo. Umeme ukipita kwenye huu wa chini, unatoa nguvu ya sumaku inayogeukageuka haraka sana. Ule wa juu unaidaka nguvu hiyo, unaifanya umeme tena. Ndiyo simu inajaa. Hakuna cha kuchomeka."

"Kwa hiyo anapita hewani," alisema Bibi Ng'washi.

"Unapita, mama. Ni umeme. Siyo anapita."

"Anapita hewani, haonekani, halafu anaingia." Bibi hakujali sarufi ya mtu. "Na asipofika?"

"Atafika. Utafika, mama! Mradi viwe karibu. Karibu kabisa, katikati kwa katikati. Ukivitenganisha kidogo tu, basi, hakuna kitu."

Halafu akaanza kuwaonya. Wasiweke sarafu wala funguo kati ya simu na kisahani, maana chuma kinashika moto na chaji hizi za bei rahisi hazina akili ya kujizima. Wasikifunike kwa kitambaa, wasikiweke kitandani. Simu yenye kava nene ivuliwe kava, na ikichemka waiondoe. Nathaniel alisinzia mapajani mwa bibi yake somo zima.

Bibi alishika neno moja tu: kwamba chuma kinashika moto. Mkononi alivaa bangili ya shaba, aliyopewa zamani kwa ajili ya maumivu ya viungo, na maumivu yenyewe hayakuwahi kuiheshimu. Basi siku wenzake walipokuwa wametoka, aliweka kiganja juu ya kisahani, bangili ikagusa, simu ya Evelina ikiwa juu yake. Bangili ikapata joto. Joto likapanda mpaka kwenye kiwiko, tamu kweli. Tangu hapo kila mchana alijichaji, na hakumwambia mtu, kwa sababu alijua angepigiwa kelele.

Siku ile umeme ulipokatika, mchana aliweka mkono pale kwa mazoea tu. Bangili ikapata joto vilevile. Alikuwa anasinzia kwenye kochi aliposikia mtu anabisha, sauti ya chini, karibu na sikio kuliko na mlango.

"Hodi."

Mtu aliyelelewa vizuri anajibu nini?

"Karibu," alisema Bibi Ng'washi, macho yamefumbwa. "Karibu sana. Upite ndani, ukae."

Hakuna aliyepita mlangoni. Harufu ndiyo iliyopita, harufu ya matope ya ziwani na ya waya ulioungua, ikaingia sebuleni ikakaa.

Nathaniel ndiye aliyeanza kupungua. Kwanza aliacha kukimbia, halafu akaacha kusimama, halafu akawa mtoto wa kulala tu, viganja vya baridi hata juani. Hospitalini walimpima malaria, damu, mkojo, kila kitu kikarudi kizuri. Usiku Evelina alimwekea mkono kifuani kuhakikisha kwamba bado anapumua. Aliomba kanisani, aliomba jikoni, aliomba bafuni maji yakiwa yanamwagika ili mtu asimsikie anavyomlalamikia Mungu.

Bibi Ng'washi, yeye, alinyooka. Fimbo akaisahau nyuma ya mlango. Akaanza kuchota maji, akaanza kufagia uwanja, mashavu yakajaa. Evelina alimshukuru Mungu kwa hilo angalau, na kila jioni alimwona mama mkwe wake akimpakata mtoto, akimwimbia Kisukuma taratibu, akimkumbatia kifuani ili apate joto.

"Mgeni anasema nisogee," mtoto alimnong'oneza Evelina jioni moja.

"Mgeni gani, baba?"

"Wa bibi."

Venant aliposikia hayo alimbana mama yake kwa maswali mpaka akakiri alivyokuwa akijichaji kwa bangili, kisha akakichukua kisahani akakipasua kwa nyundo uani. Ndani kulikuwa na koili ya shaba, kama alivyowaambia, imeungua imekuwa nyeusi. Akavitupa vyote chooni. Akajaribu kumvua mama yake bangili kwa sabuni, kwa mafuta, haikusogea, na ilikuwa na joto kama la mtu mwenye homa. Mtoto aliendelea kupungua.

Wakampeleka Igoma kwa Rose, dada yake Evelina, apate hewa nyingine. Kule, ajabu, alfajiri ya kwanza Nathaniel aliomba uji. Akamaliza kikombe. Akamfukuza kuku. Evelina alilia kwa furaha, akampigia simu Venant, na Venant kwa furaha akamwambia mama yake, na mama yake, ambaye hakuna alichokipenda duniani kuliko mtoto yule, akafunga mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa akaja mbio.

Evelina alimwona akitembea kutoka barabarani, mgongo wima, bila fimbo, na akamwona Nathaniel akimkimbilia, na akaona, mchana kweupe, mbele ya macho yake, jinsi miguu ya mtoto ilivyolegea kadiri alivyosogea, hatua zikafupika, kichwa kikainama, mpaka alipofika kwenye mikono ya bibi yake akawa ni mzigo tu, na bibi akamwinua kwa mkono mmoja, mkono wa bangili, kwa nguvu ambazo mwanamke wa umri ule hana, na ile harufu ya matope na waya ikajaa uani mpaka mbwa wa jirani akaondoka.

"Mama, mweke chini," alisema Evelina. "Nakuomba, mama. Mweke chini, urudi nyuma."

Bibi Ng'washi alimtazama mkwe wake. Halafu akautazama mkono wake mwenyewe. Akamweka mtoto chini taratibu, akarudi nyuma mpaka kwenye uzio, na mtoto akavuta pumzi.

Ndipo Rose alipomleta Odeta, mama muuza dagaa wa pale Igoma ambaye watu walimwita mambo kama haya yakiwashinda. Hakuja na vibuyu wala kelele. Alikaa na Bibi Ng'washi kwenye mkeka, mbali na mtoto, akamsikiliza habari ya bangili na kisahani.

"Alipobisha, ulimjibu nini?"

"Nilisema karibu."

"Basi?"

"Nikamwambia akae."

Odeta alifumba macho. "Basi amekaa, mama yangu. Amekaa kwako. Anavuta kwa mtoto, anakujaza wewe, na wala hahitaji waya. Anahitaji muwe karibu tu."

"Mfukuze," alinong'ona Venant, aliyekuwa amewafuata Igoma. "Fanya chochote. Mfukuze!"

"Mgeni ameambiwa akae, mimi nimfukuze kwa neno gani? Hata kwenu hamfanyi hivyo." Odeta alimgeukia bibi. "Mgeni anasindikizwa. Na anasindikizwa na mwenyeji wake, mpaka kwao, ng'ambo ya maji."

"Halafu narudi?"

Odeta alimgeukia mtoto kwanza, akamtazama. Evelina alijikuta anamchukia kwa kule kumtazama.

"Hatakubali kukuacha," alisema. "Utaishi naye. Na huyu mtoto asikusogelee tena, hata siku moja."

"Na nikifa hapa hapa, leo?"

"Atatafuta aliye jirani."

Venant alianza kulia kwa sauti. Alisema wataenda kwa mwingine, kwa mchungaji, Dar es Salaam, popote. Mama yake akamwambia anyamaze.

"Mama Natha," alisema, "nifungie nguo zangu."

Evelina alizifunga. Alikunja kila kitenge vizuri, mara mbili, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Alitaka kusema mama, usiende. Neno lilifika mdomoni, akalimeza, na alijua kwamba analimeza, na hiyo ndiyo aibu aliyobaki nayo.

Walifika kwenye feri ya kwenda Kamanga, ng'ambo ya ziwa, asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Bibi aliomba amwone mtoto kwa mbali, basi Evelina akasimama huku juu barabarani na Nathaniel amemfunga kwa kitenge, hajitambui, maana hata umbali ule haukutosha. Bibi Ng'washi aligeuka mara moja langoni. Akanyanyua mkono, akakumbuka ni mkono upi, akaushusha.

Feri ilijaa. Watu walisimama katikati ya magunia na pikipiki, lakini nafasi moja kwenye benchi, kando ya bibi, ilibaki wazi.

"Bibi, hapa kuna mtu?" kijana mmoja aliuliza.

"Kuna mgeni wangu."

Kijana aliinama ashike ubao wa benchi, akaondoa mkono haraka kama aliyeungua, akaenda kusimama mwisho kabisa karibu na injini. Bibi Ng'washi akavuta kitenge chake, akainamia mahali pasipo na mtu. "Tumeshaondoka," alisema kwa sauti ya chini. "Tulia. Nakupeleka nyumbani."

Kule barabarani, feri ilipoyapita mawe yanayotokeza majini, Nathaniel alifungua macho. Ilipofika kwenye maji makubwa aliinua kichwa. Aliangalia huku na huku, akauliza bibi yuko wapi, akaiona feri, akaelewa. Akaanza kupiga kelele. Alipiga mateke, akamng'ata mama yake begani, akaita bibi, bibi, kwa sauti iliyowafanya wauza samaki wageuke, na kadiri feri ilivyozidi kuwa ndogo ndivyo nguvu zake zilivyozidi. Evelina alimshika kiuno asimponyoke, machozi yanamtoka, akamwacha alie, huku moyoni anaomba feri iongeze mwendo.