Waya Kwenye Hita

Maiti ya mzee ililazwa sakafuni, kando ya beseni kubwa la maji moto. Ngozi ilikuwa imebabuka kuanzia kifuani hadi miguuni. Inspekta alichuchumaa, magoti yakamlia. Uchovu wa kesi ya juzi ulikuwa haujamtoka mwilini, na sasa hii.

"Amefariki usiku," alisema daktari wa polisi. "Alikuwa amepooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Miguu haikuhisi joto likipanda."

Konstebo alikuwa ameshamtia pingu fundi wa hita, ambaye alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Afande, nina watoto! Jana nilikuja kupima tu!"

"Kupima nini?"

"Hita ilikuwa inajizima. Nikaunga waya ili umeme upite bila swichi ya usalama, nione kama swichi ndiyo mbovu. Ni nzima. Nikautoa waya, nikamwambia binti wa mzee nitarudi leo kufungua kichujio."

Inspekta alifungua kifuniko cha hita. Waya ulikuwa umefungwa pale pale kwenye swichi inayokata umeme maji yakizidi joto.

"Na huu?"

"Si mkono wangu! Fundi gani anafunga waya kama kamba ya kiatu?"

"Fundi aliyelewa," konstebo alidakia.

Inspekta hakucheka. Alichomoa kichujio. Kilikuwa kimeziba kwa mafuta mazito ya kuchulia, yenye harufu ya mkaratusi. Maji ya beseni yalipita humo kwa shida, hita ikachemka kupita kiasi, ndiyo maana swichi ilikuwa ikiizima. Aligeuka kumtazama binti wa marehemu, aliyejikunyata kwenye stuli.

"Pole sana, dada. Nani alikuwa akimchua mzee?"

"Mimi."

"Na ndugu zako?"

"Kaka zangu hupiga simu."

"Fundi alipopima, ulikuwapo?"

"Nilimshikia tochi." Alitazama vidole vyake. "Alipoweka ule waya, hita haikuzima tena. Nikajua ndiyo dawa. Nikadhani ameutoa makusudi, ili tumwite tena. Mafundi si mnawajua?"

Fundi aliinua mikono yenye pingu.

"Mfungue huyo," Inspekta alimwambia konstebo. Kisha kwa upole, "Endelea, dada."

"Maji yakipoa, baba anapiga kengele. Nichemshe sufuria, nimwage, nimchue, nimgeuze. Akinyamaza nikijinyoosha, kengele tena. Nilichoka, afande. Nilitaka maji yakae na moto wake, baba atulie, nami nifumbe macho kidogo. Nikaufunga waya. Nikamwingiza majini, nikaketi hapo mlangoni."

"Alikuita?"

Binti aligeuka, akatazama beseni.

"Kengele nimeikuta ndani ya maji," alisema. "Labda aliipiga. Labda aliita jina langu. Sijui. Nililala usingizi wa pono." Alifunika uso kwa mikono. "Mungu anisamehe, afande, sijawahi kulala vizuri namna ile."