Aliyeachwa Ndani ya Probox ya Ahmednur

Mlango wa nyuma kushoto wa Probox ya Ahmednur ulianza vituko Jumanne, mchana kweupe, mbele ya duka lake la saruji na mabati mjini Migori. Alizima injini, loki ikalia ka, mlango ukafunguka taratibu, ukakaa wazi kidogo, kisha ukajifunga wenyewe. Ahmednur akasema ni upepo. Upepo gani huo unaojua kufunga mlango? Lakini mtu mwenye shughuli zake atajiambia lolote ili aendelee na siku.

Fundi wake, Cliff, akabadilisha loki. Kesho yake akabadilisha tena.

"Boss, hii imeshika kabisa," Cliff alisema, amesimama mbali na gari. "Mimi nimemaliza. Usinirudishie."

Kila injini ilipozimwa, ka, mlango unafunguka, unasubiri, unajifunga. Ungedhani kuna mtu anachungulia nje na kuona hapa si kwao. Ndani kukaanza kunuka dawa ya mochari. Ustadh Mohammad akaja akasoma Kurani mpaka sauti ikamkauka, mlango ukatulia siku mbili, kisha ukarudia yale yale.

Aliya, binti yake wa miaka sita, alikuwa akipelekwa shule kwa gari hilo. Asubuhi moja Ahmednur alimkuta amejibana kabisa upande wa kulia.

"Mbona umejibana hivyo?"

"Nampisha, baba. Miguu yake mirefu."

Siku ile ile, karibu na Uriri, gari likiwa mbioni, mlango ulifunguka wote na mtoto akavutwa akasota mpaka ukingoni, na babaye akamdaka kwa sweta ya shule huku mkono mmoja uko kwenye usukani. Tangu hapo Aliya hakusema neno. Alikaa kwenye kile kiti cha kushoto, na kila alipotolewa garini alizimia, mwili ukawa baridi, mpaka wamrudishe ndani ndipo apumue. Siku mbili mtoto alilala garini, mama yake Fardowsa akimpa maziwa kwa kijiko.

"Ulimbeba nani kwa gari hili?" Fardowsa alinong'ona.

Ahmednur akamkumbuka marehemu Omanga, mpakiaji wake wa saruji kwa miaka kumi na moja, ambaye mwezi uliopita alimpeleka kwa gari hilo kuzikwa kwao Sindo. Akampigia simu Helen, mjane wa Omanga.

"Baba Aliya, wewe uliondoka na yeye," Helen alisema. "Jeneza ilikuwa juu kwa keria, lakini ile kiti ya kushoto tuliacha wazi ilikuwa yake. Kwetu gari haitoki mpaka mke afungue mlango, amwite jina, amwambie amefika. Nilikuja na maji yangu nikapata vumbi tu."

Ni kweli. Jeneza liliposhushwa tu, Ahmednur aligeuza gari awahi swala ya Magharibi Homa Bay. Alidhani kile kiti kiliachwa wazi kwa heshima tu.

Alimfunga Aliya mkanda, akaufunga mlango kwa kamba ya katani mara tatu, akaendesha kurudi Sindo akiomba, na kila mji alioupita loki ililia ka, na kamba ikakazika ikilia, na harufu ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na kwenye kioo alimwona mwanawe ameegemea kitu kisichoonekana, midomo imegeuka buluu, kifua kikiinuka mara moja moja, na yeye akikanyaga mafuta akisema subiri mama, subiri, tunafika.

Helen alikuwa amesimama uani na kikombe cha maji. Akaifungua kamba.

"Toa mtoto kwanza. Siwezi ita kama kuna mtu amekalia hiyo kiti."

Ahmednur aliingia kwa mlango wa kulia, akabonyeza mkanda. Haukufunguka. Akauvuta, akaung'ata. Kifua cha Aliya kikatulia.

"Mwite, mama. Mwite sasa hivi."

"Baba Aliya, mtoto bado..."

"Anakufa huyu! Nakusihi, mwite tu."

Helen alimwaga maji chini. "Omanga. Umefika. Shuka."

Loki ikalia. Mlango ukafunguka, mkanda ukaachia wenyewe, na Aliya akavuta pumzi moja ndefu. Akashuka kwa miguu yake, akajinyoosha mgongo. Ahmednur alizunguka gari mbio, akapiga magoti, akamkumbatia akilia alhamdulillahi, alhamdulillahi. Kisha akataka kumbeba.

Hakuweza. Alivuta kwa nguvu zake zote na mtoto hakuinuka hata kidogo. Alikuwa na uzito wa mwanamume mzima.

Aliya akamwondoa mikono, polepole, kwa adabu.

"Pole, boss," alisema. "Wacha nipumzike."

Akatembea hadi kwenye nyumba. Mlangoni aliinama ili asigonge kichwa, ingawa kizingiti cha juu kilikuwa mbali sana na kichwa chake, akaingia. Helen akaanguka chini akilia. Ahmednur alibaki pale vumbini akiita jina la mwanawe, akaita, akaita, na mle ndani hakuna aliyeitika.